Ushauri wa haraka: Venice siku moja, tuingie Kasri la Doge au tuishie uwanjani?

Mgeni wa Padova: Wakuu, habari za jioni. Niko Padova, Italia, masomoni. Jumamosi nampeleka mgeni Venice, kwa treni ni kama nusu saa. Nilipe tuingie Kasri la Doge (mtawala wa Venice enzi zile), au tuzunguke tu uwanja wa San Marco, wa bure? Kichwa kinaniuma.

Binti Chumbageni: Ingieni. Ukumbi wa Baraza Kuu, angalieni juu ukutani, picha za madoge zimepangwa safu. Moja haina sura, kimechorwa kitambaa cheusi tu. Ni nafasi ya Marin Faliero. Yeye ndiye doge, na yeye ndiye aliyepanga mapinduzi! Wakamkata kichwa 1355. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Kahawa Chungu: Mimi nasema msikae zile meza za nje zenye bendi. Nilikunywa kikombe kimoja, bili ikaja na muziki ndani yake. Nani aliwaomba wapige? Nikang'ang'ania kiti saa mbili.

Fundi Saa: Mgeni gani? Wa umri gani? Kuna kitu unaficha.

Mgeni wa Padova: Mama mkwe. Miaka 68, amekuja kuhiji kwa Mtakatifu Antonio. Goti moja lilifanyiwa upasuaji, ila anatembea.

Binti Chumbageni: Kaka, tiketi umeshakata?

Mgeni wa Padova: Ndiyo, zile za njia za siri za kasri, hadi chumba cha gereza alichotoroka Casanova, yule mtongozaji maarufu, 1756. Hela hairudi. Kanisani anapiga magoti kila Jumapili, ngazi zitamshinda nini?

Binti Chumbageni: Zitamshinda. Kule juu ngazi ni nyembamba na kali, wenyewe wanatahadharisha wenye shida ya miguu. Toka stesheni pandeni boti namba 1, mkwepe madaraja. Akitaka kuona mji kwa juu, mnara wa kengele una lifti.

Mzee Kibuyu: Mnara huohuo ulianguka 1902, wakaujenga upya hadi 1912. Mama yangu hapandi. Vijana mnaburuza wazee ili mpate picha. Mwacheni asali.

Fundi Saa: Subirini. Mwezi wa tano huyuhuyu alifungua uzi wa kutafuta mchumba, "sijaoa, sina mtoto." Mama mkwe kamtoa wapi? Hii chai, na tangawizi imo.

Kahawa Chungu: 😂😂 Kumbe Casanova ndiye kafungua uzi.

Mgeni wa Padova: Sijadanganya. Mchumba nimempata humuhumu. Posa imepokelewa, mahari bado, na mwenye kauli ni huyu mama. Mnataka nimpeleke akatazame njiwa?

Binti Chumbageni: Kuwalisha ni marufuku tangu 2008, asije na mahindi. Mchumba anasemaje kuhusu hizo ngazi?

Mgeni wa Padova: Yuko Moshi. Sijamwambia, nataka iwe sapraizi.

Fundi Saa: Chai.

Manka wa Rau: Goti la mama halijapona. Pokea simu.