Vikombe vya hoteli: tanuri la kuni, gesi, au nibaki kuchoma nje?

UdongoMwekundu
Wadau, salaam. Nafinyanga Kisarawe, udongo nachimba mwenyewe bondeni, nachoma nje kwa nyasi na kuni. Sasa hoteli zinataka vikombe na sahani visivyovuja hata kidogo. Nijenge tanuri la kuni la kufika nyuzi 1250, au nitafute la gesi?

FundiMoto
Kabla ya tanuri, ujue udongo wako. Nje unafika nyuzi 700 hadi 900 hivi, na mwekundu unavumilia. Huko 1250 chuma kilichomo huurahisishia kuyeyuka: chombo kinalegea, kinaganda kwenye rafu. Ujaribu: finyanga vijiti vya udongo huo, visimamishe juu ya kigae kibovu, omba mwenye tanuri akuchomee uone kama vitapinda. Kaolini ya Pugu (udongo mweupe unaostahimili moto mkali) iko jirani yako, ongeza kidogo kidogo hadi kijiti kisipinde.

MamaVyungu
Mwanangu, usibomoe pa kuchomea pako. Chombo kilichokazana kama jiwe hakifai jikoni, moto wa mafiga ukikipiga upande mmoja kinapasuka. Chungu chetu kina mchanga na vinyweleo, ndiyo maana kinastahimili. Na mtungi unapoza maji kwa kuwa unatoa jasho. Wateja wa hivyo bado wapo.

MoshiMweupe
Gesi ni rahisi kuongoza, unageuza koki tu, ila gharama ya mitungi ya gesi itakumaliza. Mimi ni wa kuni. Utakesha, sawa, lakini majivu yanaruka na hewa, yanatua mabegani mwa chombo na kuyeyuka yakawa kioo. Hakuna vyombo viwili vitakavyofanana (hoteli nyingine hazipendi hilo, waulize kwanza).

Na msidhani kuchoma kwa kuni hivi ni mambo ya Wajapani tu. Michael Cardew, mfinyanzi Mwingereza, alianzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria, mji unaoitwa Suleja leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ladi Kwali, mama mfinyanzi wa huko, alijiunga 1954, akaendelea kuinua mitungi kwa mkono kama alivyofundishwa kwao, ila sasa ikapakwa rangi ya kioo na kuchomwa kwa joto kali. Yumo kwenye noti ya Nigeria ya naira 20!

UdongoMwekundu
Shikamoo Mama, vyungu naendelea kuchoma nje. Vijiti naanza wiki hii. Kuni zipi, MoshiMweupe?

MoshiMweupe
Mabanzi ya kiwanda cha mbao, makavu kabisa, yapasue membamba. Yakiwa mabichi utaganda kwenye nyuzi 1000 hadi asubuhi.