Ambulansi imelala yadi tangu Ramadhani: wilaya ziruhusiwe kununua spea dukani moja kwa moja?

Mkunga_wa_Nile
Salaam wote. Niko kituo cha afya daraja la tatu huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Ambulansi yetu, Land Cruiser hadtopu, imelala yadi ya wilaya tangu katikati ya Ramadhani. Jana nilipita pale. Kuku ameatamia mayai chini ya bampa ya mbele, na magugu yametokeza kwenye matundu ya rimu ya nyuma. Ukiuliza, unajibiwa "spea inasubiriwa". Hospitali ya rufaa iko mbali, na wajawazito wangu wanapelekwa kwa boda: mwendeshaji mbele, mama katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno.

Swali langu ni hili. Kwa nini wilaya isiruhusiwe kumpa fundi wa hapa pesa, anunue spea kwenye maduka ya Ndeeba au Kisekka kule Kampala, gari litoke wiki hiyohiyo? Mafundi wa Arua wanafungua Land Cruiser za mashirika ya wakimbizi kila siku, tangu kambi ya Bidi Bidi ifunguliwe 2016. Au utaratibu wa sasa ndio unaolinda mali ya umma? Nataka hoja, msinipe pole.

Karani_Manunuzi
Dada mkunga, uchungu wako nauelewa. Lakini "spea inasubiriwa" haina maana kwamba kuna mtu ameikalia. Mimi nafanya kazi ya manunuzi, wilaya nyingine si yako, na njia ni moja nchi nzima. Dereva anajaza fomu ya ubovu. Injinia anakagua gari kabla ya matengenezo. Idara inaandika maombi, mhasibu anathibitisha kwamba pesa ipo, CAO (mtendaji mkuu wa wilaya) anasaini, kamati ya mikataba inakaa, gereji zilizo kwenye orodha zinaleta bei, LPO, yaani hati ya kuagiza mali, inatoka. Gari likishatengenezwa linakaguliwa tena. Sheria ya manunuzi ya umma ni ya 2003, na ililetwa kwa sababu pesa zilikuwa zinaliwa. Ukimpa fundi pesa mkononi, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hatamuuliza fundi. Ataniuliza mimi.

Tena tuambiane ukweli. Magari mengi ya serikali hayafi barabarani. Yanafia usiku: spea mpya inatoka, kuukuu inaingia, na ufunguo uko mfukoni mwa dereva.

Dereva_Miaka14
Karani, huo mstari wa mwisho nimeuona.

Mimi ni dereva wa ambulansi, mwaka wa kumi na nne huu. Ndiyo, ufunguo uko mfukoni mwangu, kwa sababu simu ikilia saa nane usiku anayeamka ni mimi. Januari feni belti ilikatika nikiwa nimembeba mama anayevuja damu. Nilimwamsha mwenye duka, nikanunua nyingine kwa shilingi 45,000 zangu, nikaifunga porini huku mume wa mgonjwa akinimulikia kwa simu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka mpaka mwanga unaruka. Tulifika. Risiti nikaipeleka ofisini, nikaambiwa muuzaji huyo hayumo kwenye orodha ya waliopitishwa. Mpaka leo sijalipwa. Halafu unakuja hapa kuniita mwizi wa spea?

Karani_Manunuzi
Sikukutaja wewe. Nimesema kile nilichokiona. Gari moja lilifungwa betri mpya Ijumaa, Jumatatu likaletwa likisukumwa, ndani mna betri ya zamani imevuja asidi hadi kwenye mabano. Wikendi yote ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja. Wewe ungeandika nini kwenye ripoti?

Dereva_Miaka14
Ningeandika jina la mtu huyo. Nisingeandika "madereva".

Mwalimu_Koboko
Hata hiyo spea ya dukani, unajuaje imetoka wapi? Mwaka jana kioo cha pembeni cha Premio yangu kilinyofolewa Kampala, nimekaa kwenye foleni mchana kweupe, mikono yangu iko kwenye usukani. Nikaenda kwenye kibanda kimoja, sitakitaja. Kijana akaniambia ningoje, akarudi na kioo kimefungwa kwenye gazeti. Kwenye kona palikuwa na namba ya gari iliyokwaruzwa kwa msumari, nusu yake imesuguliwa na msasa. Herufi mbili za mwisho zilikuwa zangu, nilizikwaruza kwa mkono wangu. Nilitoa 120,000 kununua mali yangu. Ndizo spea mnazotaka zifungwe kwenye ambulansi?

Spea_Ndeeba
Mwalimu, mimi nauza spea Ndeeba mwaka wa tisa na nina leseni. Hadithi hii ya kioo kila mtu anayo, na kila mara mwisho wake ni mmoja: mteja alilipa. Uliona namba yako, ukatoa pesa, ukaondoka. Hukupiga kelele, hukwenda polisi. Kesho yule kijana akanyofoa kingine kwa sababu cha kwako kilimlipa. Halafu lawama unawatupia wote wenye maduka, na sisi ndio tunaoagiza kontena na kulipa kodi.

Mwalimu_Koboko
Ningekwenda polisi, kioo kingewekwa kama kielelezo cha kesi, na mimi ningesafiri zaidi ya kilomita 500 sioni lori linalonipita. Kesho yake nilikuwa na mtihani wa kusimamia. Wewe ungefanya nini? Tena nakuuliza kwa heshima: umewahi kumkataa kijana aliyekuletea taa bila risiti?

Spea_Ndeeba
Nimemkataa. Zaidi ya mmoja. Na mmoja alirudi usiku na wenzake, wakavunja kufuli langu. Usinifundishe gharama ya kukataa.

Hajji_Bombo
Wanangu, punguzeni moto. Mimi nilikuwa makanika wa jeshi, nimestaafu, sasa nafuga mbuzi. Nionavyo, shida ilianza na ile sheria ya 2016 ya kuzuia magari yenye miaka kumi na tano. Zamani gari zee likiingia, likichoka linakatwa, bodi huku, ekseli kule, masikini anapata spea. Sasa magari hayo hayaji na spea zimepungua.

Binti_Malaba
Shikamoo Hajji. Ni 2018, ilianza kutumika Oktoba. Na ilizuia kuingiza magari yenyewe. Injini na giaboksi za mtumba bado zinapita mbele ya macho yangu, zimekatwa Japan au Dubai, zimezungushiwa nailoni, mafuta yanadondoka sakafuni. Kilichokatazwa Afrika Mashariki ni matairi ya mtumba ya magari madogo.

Mimi nafanya kazi ya kutoa mizigo. Kila kitu kikichelewa Uganda, watu wanasema "kimekwama Malaba", hapa mpakani na Kenya, na inaniuma. Tangu 2014 kodi inalipwa kabla kontena halijaondoka Mombasa. Huku tunaangalia hati na muhuri, lori linaendelea. Tulikwama kweli Januari 2022, madereva wa malori walipogoma kwa ajili ya vipimo vya Covid. Foleni ilirudi ndani kabisa ya Kenya, petroli ikapanda nchi nzima. Hapo nakubali. Lakini hakuna spea ya Land Cruiser iliyolala mpakani tangu Ramadhani. Mkitaka kulalamika, lalamikieni bei: VAT asilimia 18, kodi ya zuio asilimia 6 kwa asiye na msamaha, tozo ya miundombinu asilimia 1.5, na ushuru wa forodha bado haujaguswa. Anayefidia hayo yote ni yule anayenunua bushi moja.

Spea_Ndeeba
Asante dada. Hata huko West Nile, mwaka 2024 daraja la Karuma, linalovukwa kwenda huko, lilipofungwa Septemba kwa matengenezo, mizigo ilizungushwa, wateja wangu wa Arua wakanitukana, nikanyamaza kwa sababu kuchelewa kulikuwepo. Safari hii sinyamazi. Mwalimu bado hajaniomba radhi.

Mwalimu_Koboko
Nikuombe radhi kwa kuibiwa?

Hajji_Bombo
2018, nimekubali, binti yangu. Umri.

Sasa, mkunga. Tumekaa hapa tangu asubuhi na hakuna hata mmoja aliyeuliza: gari linaumwa nini? Mgonjwa hapewi dawa kabla hajasema panapouma.

Mkunga_wa_Nile
Hajji, nimeambiwa "injini". Zaidi ya hapo sijui. Na wale wanaozungumzia vioo, naomba mjue kwamba tangu niandike asubuhi nimezalisha wawili, na wa tatu shinikizo lake liko juu. Nampima kila nusu saa.

Dereva_Miaka14
Gari la mkunga nalijua. Ni langu mimi. Yeye ndiye aliyenitumia mjadala huu, na nilikuwa sitaki kulisema kwa sababu nina watoto wanaokula mshahara huu. Lakini nimeitwa mwizi mbele ya watu, basi nitasema.

Ile injini ni 1HZ, dizeli ya silinda sita. Kila kilomita 100,000 taa ya mkanda wa taimingi inawaka kwenye dashibodi. Yetu iliwaka Novemba. Niliandika barua. Januari nikaandika ya pili. Injinia akaja, akakagua, akasaini: badilisha mkanda na tensiona inayoukaza. Tukaambiwa pesa ya robo hiyo imekwisha, tungoje nyingine. Nikaendelea kuendesha na ile taa ya njano machoni, kila kilima namwomba Mungu. Ilikuwa Ramadhani, saa kumi jioni, nimetoka kumshusha mgonjwa, narudi. Injini ilizima bila kukohoa. Usukani ukawa mzito kama jiwe. Nikajua.

Mkanda ule ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Kazi ya asubuhi moja ikawa kufungua hedi, kichwa cha injini. Na ile fomu ya mwanzo ikawa haifai tena, kwa sababu ubovu ulioandikwa ni mkanda na ubovu uliopo ni valvu. Tukaanza upya: fomu mpya, injinia tena, bei tena. LPO ilikaribia kutoka mwishoni mwa Juni. Tarehe 30 mwaka wa fedha ukafungwa, pesa ambayo haikutumika ikarudi Kampala. Julai tukaanza mara ya tatu. Hapo mwizi wa spea ni nani?

Karani_Manunuzi
Dereva, hilo la betri nimesema nililoliona na sitalifuta. Lakini neno "madereva" nalirudisha. Nilikosea.

Kuhusu gari lako, ofisi ilikuwa na njia. Sheria ina kipengele cha dharura, hamhitaji kusubiri vikao vyote. Tatizo ni kwamba kipengele hicho kinataja pia hali isiyosababishwa na uzembe. Taa iliwaka Novemba. Ukiomba dharura Machi, mkaguzi ataifungua ile barua yako ya Novemba na kuuliza kwa nini hamkununua mkanda. Kwa hiyo mtu wa manunuzi anaogopa, anarudi kwenye njia ndefu. Siwatetei. Nawaeleza hofu ilivyo, kwa sababu ninaishi nayo.

Mwalimu_Koboko
Maana yake aliyezembea yuko salama akiendelea kuzembea, na akitaka kuharakisha ndipo anapokamatwa.

Karani_Manunuzi
Ndiyo. Sikuwahi kuliandika hivyo, lakini ndiyo.

Hajji_Bombo
Kwani karakana za wizara ya ujenzi, Bugembe, Gulu, Mbarara, zinafanya nini? Gulu si mbali nanyi. Mkanda wa 1HZ ulitakiwa uwe kwenye rafu pale kama chumvi jikoni. Injini hii ipo tangu 1990! Nimeifungua jangwani, mvuani, na kwa spana za kuazima.

Spea_Ndeeba
Hajji umesema. Hii si spea ya kuagiza Japan. Dereva, ni valvu zote kumi na mbili au ni za kutoa moshi tu?

Dereva_Miaka14
Fundi alifungua kifuniko tu, hedi hairuhusiwi kushushwa kabla ya LPO. Lakini alivyozungusha kwa mkono, anasema silinda ya tatu na ya nne hakika. Nyingine hajui.

Spea_Ndeeba
Basi hesabu zote kumi na mbili, gasketi ya hedi, sili za valvu, mkanda, tensiona. Nimesimama mbele ya rafu sasa hivi na vyote navigusa. Basi la kwenu linaondoka stendi ya Arua Park, Kampala, usiku. Navituma leo. Mtanilipa mtakapolipwa, na kama fundi atakuta valvu nane ni nzima, nirudishieni nane.

Karani_Manunuzi
Usitume. Nakuomba kaka, usitume. Bila LPO mtunza stoo hawezi kuvipokea. Fundi akivifunga, gari la serikali litakuwa na spea isiyo na hati, na wa kwanza kuulizwa imetoka wapi ni dereva.

Dereva_Miaka14
Nimeshaulizwa hata kabla haijaja.

Binti_Malaba
Si apewe barua ya msaada? Mashirika yanatoa vitu kama msaada kila siku, wilaya inapokea na kusaini.

Karani_Manunuzi
Msaada unapokewa, ndiyo. Lakini msaada haulipwi baadaye. Akiandika msaada, pesa yake imekwenda.

Mwalimu_Koboko
Spea_Ndeeba, ile 120,000 niliyolipia kioo changu bado inaniuma, na maneno yako yameniuma zaidi kwa sababu nililipa kweli na kuondoka. Nitachangia nyingine kama hiyo kwenye valvu. Nipe namba yako kwa ujumbe wa faragha.

Spea_Ndeeba
Nimekutumia. Karani, andika hapa hiyo barua ya msaada inavyotakiwa kusomeka, neno kwa neno, ili asiulizwe mtu.

Mkunga_wa_Nile
Wa tatu hajashuka shinikizo, tunampandisha boda sasa hivi, naondoka naye. Andikeni jina la kituo kwenye mfuko, si jina langu wala la dereva. Basi likifika asubuhi nitakuwa huko huko mjini, nitapita kuuchukua.