Angkor na bimkubwa mwenye magoti mabovu: siku moja inatosha?

Mguu_Njiani: Wakuu, heshima kwenu. Mwezi wa pili natua Siem Reap, Kambodia, nikiwa na bimkubwa, mama yangu. Tangu aone picha ya lile hekalu lililokumbatiwa na mizizi hatulii. Shida ni magoti, ngazi zinamtesa. Tiketi ya kuingia Angkor, eneo la mahekalu ya kale, ya siku moja ni dola 37, ya siku tatu 62. Nichukue ipi? Na asiyepanda ataona nini?

Kasia: Siku tatu, mkuu. Si lazima zifuatane, mnazitumia ndani ya siku kumi, akichoka mnapumzika kesho yake. Hilo la mizizi ni Ta Prohm. Mfalme Jayavarman VII alilijenga mwaka 1186 kwa heshima ya mama yake mzazi (mwambie bimkubwa, atavimba kichwa). Halina ghorofa za kupanda na kuna njia za mbao, ila vizingiti viko juu, mshike mkono.

Mzee wa Mchongo: Siku tatu za kuangalia mawe? Mama wa watu atakulaani. Moja inatosha.

Kasia: @Mzee wa Mchongo, siku moja ni kukimbizana. Kwa mwenye magoti ndiyo mbaya zaidi.

Bi Tausi: Namuunga mkono Kasia. Hekalu kuu la Angkor Wat, ule mnara wa juu uitwao Bakan achaneni nao, ngazi zake zimesimama wima. Utamu uko kwenye kuta za ghorofa ya chini. Upande wa mashariki pamechongwa miungu na mashetani wakivutana nyoka kuisukasuka bahari ya maziwa, ngano ya Kihindu. Mimi niliganda pale, mwenyeji wangu akaanza kuangalia saa. Hekalu la Bayon nako michongo ya nje iko chini: vita na Wacham (watu wa ufalme jirani wa Champa), soko, hadi watu wanapiganisha majogoo. Ongeza hekalu la Banteay Srei, ni mbali kidogo lakini dogo na tambarare, na mawe yake ni ya waridi.

Mguu_Njiani: Shukrani Bi Tausi. Usafiri?

Bi Tausi: Kodi bajaji ya kutwa, dereva awasubiri kila kituo. Tokeni alfajiri, mchana rudini hotelini, jua la huko halina adabu. Mabega na magoti yafunikwe, nyote wawili. Na msiache njia kuingia porini, mabomu ya ardhini ya enzi za vita hayajaisha nchini humo.

Mzee wa Mchongo: Haya, hiyo Banteay Srei imenishinda. Chukua ya siku tatu.