Je, jina Ochieng' limeongezeka?

Swali: Nina orodha za wanachama wa sacco yetu hapa Nairobi, ya 2003 na 2023. Nilinganisheje?

Jibu: Usitumie idadi tupu. Gawa kwa jumla ya wanachama, zidisha kwa 1,000. Ochieng' 40 kati ya 2,000 ni 20 kwa elfu. 60 kati ya 4,000 ni 15. Watu wameongezeka, jina limepungua.

Jibu: Safisha tahajia kwanza! Kompyuta huhesabu Ochieng na Ochieng' kama majina mawili, kwa sababu ya ritifaa tu.

Jibu: Tafuta safu zote za majina. Kwa desturi ya Wakikuyu, kifungua mimba wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba: Kamau Mwangi humzaa Mwangi Kamau. Ukisoma jina la mwisho pekee, utadhani ukoo umetoweka.