Fundi kabandika vainili mpya juu ya kutu, mimi nikalipia kazi ambayo haikufanyika

Wakuu, naandika hapa nikiwa bado na vumbi la kutu kwenye kope. Anayekuja kuniambia "gari la zamani ndivyo lilivyo" apite tu, leo sina subira hiyo.

Nina sedani ya Marekani ya 1974, zile zenye paa lililovikwa vainili, plastiki laini inayofanana na ngozi, ili gari lifanane na la paa la kukunja. Miaka ya 1960 na 1970 hiyo ndiyo ilikuwa fasheni. Miezi minane iliyopita niliona mshono umepasuka, na karibu na kioo cha nyuma pametokea vivimbe viwili kama kunde. Nikalipeleka kwa fundi bodi. Maelewano yetu hata mtoto angeyaelewa: bandua vainili yote, piga brashi ya waya mpaka chuma kionekane, palipooza kata uchomelee bati jipya, piga praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi ya kuzuia kutu, halafu ndiyo ubandike vainili mpya. "Ondoa shaka, bosi." Nikalipa yote kabla sijaona chochote. Hilo kosa ni langu, nalibeba. Yanayofuata ni yake.

Gari likarudi limependeza, sina uongo. Watu wakawa wanaligusa paa.

Mvua ya kwanza tu, kitambaa cha dari kwa ndani kikatoka doa la rangi ya chai. Nampigia, ananiambia hilo ni jasho la gari, litakauka. Jasho la gari! Mvua ya pili nakuta maji kwenye buti, chini ya tairi la akiba. Hapo akahamia kwenye mpira wa kioo: "Mpira umechoka, bosi, nunua mwingine." Nikanunua. Maji yakaendelea kuingia kama yana ufunguo.

Jumamosi nikasema basi, nafungua mwenyewe. Nikaanza na ule utepe wa nikeli unaozunguka kioo cha nyuma. Klipu zake hushika kwenye vijiti vidogo vilivyochomelewa kwenye bati tangu kiwandani, na hapo ndipo kutu hupenda kuanzia. Nikavuta, vijiti vitano vikatoka na klipu zake, kila kimoja na kipande chake cha bati. Nikapenyeza bisibisi bapa, nikainua ukingo wa vainili mpya.

Chini yake nikakuta vainili ya zamani. Ileile, na mpasuko wake uleule, imepakwa gundi juu na kufunikwa na mwenzake. Chini ya hiyo ya zamani, puti, ile lami ya kuzibia mabonde ya bodi kabla ya rangi, nene kama kidole. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi, likang'oka bonge zima, na nyuma yake kuna gazeti limekunjwa, limelowa chapachapa, ukurasa wa michezo bado unasomeka. Nikalichomoa gazeti. Bati hakuna. Nikapitisha kidole, na mke wangu aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma akasema, "Nakiona kinasukuma kitambaa."

Kinachoniuma ni kwamba huyu mtu anajua anachokifanya. Kutu ya chini ya vainili si siri kwa fundi bodi yeyote. Jua linakausha vainili, inasinyaa, inajivuta kwenye kingo na kuachia kwenye mishono. Maji yanaingia kidogokidogo halafu hayana pa kutokea, maana plastiki haipumui. Paa likiwa na sifongo katikati ndiyo kabisa, sifongo inayanywa na kuyatunza. Isitoshe, magari mengi ya namna hii kiwandani hayakupigwa rangi kamili sehemu itakayofunikwa. Sasa wewe unachukua paa lenye maji na kutu tayari, unaongeza gundi na vainili ya pili juu! Huko ni kufunika chungu kikiwa jikoni.

Sasa hivi gari liko kwa fundi mwingine, dada mmoja mkali sana, ananitumia picha ya kila hatua bila kuombwa. Amebandua kila kitu. Kutu ya juujuu ameipiga brashi na dawa ya kugeuza kutu, palipotoboka amekata mpaka akakuta chuma kizima. Anachomelea kwa nukta, moja huku, nyingine kule, anaacha ipoe, kwa sababu bati la paa ni jembamba na pana, ukilipa moto mwingi linajikunja na hulinyooshi tena. Kupulizia mchanga amekataa kwa sababu hiyohiyo. Pale paa linapoungana na nguzo ya nyuma amekuta risasi, si ya bunduki, ile metali laini, viwanda vya enzi zile viliziba maungio kwa risasi. Amenikataza nisiguse hapo na grainda, vumbi lake ni sumu. Mimi nilishaanza kutafuta grainda, jamani.

Mwenye gari la hivi, nenda kalikague leo. Bonyeza vainili kwa vidole taratibu, hasa chini ya kioo cha nyuma na kwenye pembe za kioo cha mbele. Ukisikia inakwaruza kama majani makavu, kuna kutu. Funga sumaku kwenye kitambaa laini uipitishe juu, isiposhika kabisa hapo kuna puti. Inua kapeti ya buti. Na ukiona gari kuukuu linauzwa na vainili mpya kabisa, muulize muuzaji picha za bati kabla halijafunikwa. Hana? Hesabu kwamba unanunua na paa.

Ninachodai ni pesa ya kubandua na ya kuchomelea, kazi mbili ambazo hakuzifanya. Ya vainili abaki nayo, aliibandika kweli, tena vizuri. Nilipomkabili akasema, "Hukuniambia nitoe ile ya zamani." Makubaliano yetu yamo kwenye ujumbe wa simu, neno la kwanza kabisa ni "bandua".

Jana usiku nimemtumia picha ya lile gazeti. Ameiona. Amejibu kwa kidole gumba.