Mluzi kwenye amplifaya inayotumia adapta ya laptopu: nichuje wapi?

AdunguNebbi

Habari zenu, mafundi. Niko Nebbi, Uganda, na nimejenga amplifaya ndogo ya daraja la D (inayokuza sauti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi) kwa bodi yenye chipu ya TPA3116D2, ambayo tunaitumia kusikilizia rekodi za adungu (kinubi cha nyuzi chenye boksi lililowambwa ngozi) za kwaya yetu. Umeme wake unatoka kwenye adapta ya laptopu ya volti 19 na ampea 4.74, na ndani ya boksi nimeweka kishusha volti kinachoipa moduli ya Bluetooth volti 5. Nguvu inatosha, lakini mlio wa uzi unapoanza kufifia, pale ninapotaka kusikia ngozi ya ala ikiitikia, nasikia mluzi mwembamba unaopanda na kushuka kila simu inapotafuta wimbo mwingine. Nikiacha Bluetooth na kuleta sauti kwa waya kutoka kwenye miksa, mluzi unaondoka, ila unakuja mkwaruzo unaovuma. Tena nikigusa boksi la bati kwa mgongo wa mkono nahisi kama mchonyoto mdogo.

Nilijaribu kuongeza kapasita ya mikrofaradi 4700 kwenye njia ya umeme, na adapta ikawa inawaka na kujizima mfululizo. Sasa nataka kusuka kichujio cha koili ya mikrohenri 22 na kapasita. Je, kitanitosha, na nikisuke vipi?

FundiBusia

Ndugu, usisuke kitu kwanza. Tafuta betri ya sola ya volti 12, kwani chipu hiyo hufanya kazi kuanzia volti 4.5 hadi 26, uiendeshe nayo badala ya adapta. Kisha toa waya zote za sauti na ufunge viingilio, yaani uunganishe pini ya katikati ya RCA na ganda lake. Sikiliza kwa betri na kwa adapta, kwa kila chanzo cha sauti, halafu utuambie mluzi uko wapi na mkwaruzo uko wapi.

AdunguNebbi

Nimefanya jioni hii, Mzee. Viingilio vikiwa vimefungwa ni kimya kwa betri, na kwa adapta ni kimya pia, labda niweke sikio kabisa kwenye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba). Nikirudisha Bluetooth, mluzi upo hata kwa betri. Nikiunganisha miksa, mkwaruzo upo kwa adapta tu. Kwa betri haupo.

KoiliNaKapasita

Majibu hayo yanaonyesha kwamba una kelele mbili zinazopita njia mbili tofauti, na kichujio ulichokusudia hakikai kwenye njia hata moja kati ya hizo. Nakuomba uvumilie maelezo, maana hapa ndipo wengi tunapopoteza fedha kwa kapasita.

Mluzi wa Bluetooth hautoki kwenye adapta, kwa kuwa hata betri inaubeba. Moduli na amplifaya zinatumia hasi moja, kwa hiyo mkondo ambao moduli inauvuta kwa vishindo kila inapotafuta simu unarudi kwa waya uleule ambao amplifaya inauchukulia kuwa sifuri ya sauti. Volti ndogo inayozaliwa kwenye waya huo inajumlishwa na muziki. Dawa yake ni kutenga: baada ya kishusha volti weka moduli ya B0505S-1W, ambayo hupokea volti 5 na kutoa volti 5 bila hasi zake mbili kukutana, na hubeba hadi miliampea 200. Baada ya hapo hasi ya Bluetooth ifike kwenye amplifaya kwa njia ya waya wa sauti peke yake. Kwa kuwa B0505S nayo inakata umeme, yaani inauwasha na kuuzima kwa kasi sana, na ina kelele zake, weka koili ya mikrohenri 10 na kapasita ya mikrofaradi 100 kwenye mdomo wake wa kutokea.

Mkwaruzo wa miksa ni habari nyingine. Ndani ya adapta yako kuna kapasita ya Y, mara nyingi ya nanofaradi 1 hadi 2.2, inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti 19. Kwa umeme wetu wa volti 240 na hezi 50, nanofaradi 2.2 hupitisha kama miliampea 0.17, na huo ndio mchonyoto unaouhisi kwenye bati. Kapasita hiyo hupitisha pia mabaki ya ukataji wa adapta, ambao kwa kawaida uko kwenye kilohezi 65 hadi 100. Masafa hayo sikio haliyafikii, lakini mzigo unapokuwa mdogo adapta nyingi hukata kwa mafungu, na mafungu yanaangukia ndani ya masafa tunayoyasikia. Mikondo hiyo hupanda chanya na hasi kwa pamoja, kama abiria wawili wa boda moja, ikashuka kupitia ganda la waya wa sauti hadi kwenye erthi ya miksa. Kapasita iliyowekwa kati ya chanya na hasi haioni tofauti yoyote, kwa hiyo haichuji kitu.

Suka hivi. Tafuta pawa saplai ya kompyuta iliyokufa, uichomoe, uiache muda mrefu na upime kapasita zake kubwa kabla ya kugusa, kwani zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300. Mlangoni mwa umeme kuna pete ya feraiti (kauri yenye usumaku) yenye koili mbili. Vua waya zake nyembamba, kisha zungusha kwenye pete waya wa chanya na wa hasi wa volti 19 kwa pamoja, kwa mwelekeo mmoja, mizunguko 12, kwa waya wenye unene wa milimita 1. Mkondo wa mzigo unaenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, kwa hiyo usumaku wake unajifuta na pete haishibi, yaani haijai usumaku ikaacha kufanya kazi. Kelele inayopita kwa waya zote mbili kuelekea upande mmoja ndiyo inayozuiwa. Ncha za kuingilia zisipishane na za kutokea.

Ukitaka kuongeza kichujio chako baada ya pete hiyo, pete ya njano na nyeupe kutoka saplai ileile inafaa kwa mikrohenri 22. Pamoja na mikrofaradi 470 huanza kuchuja kwenye kilohezi 1.6 hivi. Ila koili na kapasita zikiachwa hivyo hupiga mwangwi, yaani volti huyumba juu na chini, besi inapovuta mkondo, kwa hiyo weka sambamba na ile ya 470 kapasita ya mikrofaradi 1000 yenye rezista ya omu 0.22 mfululizo nayo. Adapta yako itavumilia jumla hiyo kuliko ile 4700. Miguu ya kapasita iwe mifupi: sentimita 2 za waya zina takriban nanohenri 20, na kwenye megahezi 10 hizo ni zaidi ya omu 1.

FundiBusia

Naongeza kwamba pete haizuii hezi 50. Mvumo mzito ukibaki, weka transfoma ya sauti ya 1 kwa 1 kati ya miksa na amplifaya.

AdunguNebbi

Nimeweka B0505S na pete ya mizunguko 12. Bluetooth imenyamaza kabisa, na kwa miksa umebaki mvumo hafifu ambao transfoma nimeshaiagizia Kampala. Jana usiku nilisikia kidole kikiachia uzi. Mchonyoto kwenye bati bado upo. Je, nikate ile kapasita ya Y?

KoiliNaKapasita

Usiikate, na usiibadilishe kwa kapasita ya kawaida. Ya Y imetengenezwa ili ikiharibika isiunganishe umeme wa ukutani na mikono yako, na ukiiondoa, kelele ya ukataji itakosa njia ya kurudi na kuongezeka. Tafuta adapta yenye waya tatu ambayo hasi yake imefungwa kwenye erthi, uhakikishe soketi ya ukutani ina erthi ya kweli, na transfoma uliyoiagiza ikifika ikae kati ya erthi hiyo na ya miksa.