Mafundi na wauzaji wa bunduki mseto: hiyo "ziro" mnayotuuzia ni ya mtutu wa moto!

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Anayemiliki kihalali drilingi (bunduki ya mitutu mitatu) au bunduki mseto yoyote, yaani yenye raifo na shotigani kwenye mwili mmoja, asome mpaka chini, maana tunaibiwa mchana kweupe na wanyama wanateseka kwa ajili ya uvivu wa watu.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mteja anakabidhiwa bunduki pamoja na karatasi ya shabaha. "Imeshawekwa ziro mita 100 mkuu, wewe nenda porini." Yaani darubini imerekebishwa ili risasi itue pale unapolenga. Haya, itazame hiyo karatasi. Matundu matatu yamepangana kama ngazi: la kwanza chini, la pili limepanda kama sentimita 5, la tatu limepanda tena. Fundi kazungushia duara lile la katikati, kapeleka kliki za darubini (zile hatua za kuirekebisha) hapo, kachukua hela yake. Wengine ndiyo balaa kabisa, wanaweka ziro kwa tundu la tatu kwa sababu ndilo la mwisho kupigwa.

Mnyama hasubiri tundu la tatu! Anapigwa kwa risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, saa kumi na mbili asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Kwa hiyo ziro, risasi hiyo inatua sentimita 5 hadi 10 chini ya ulipolenga. Kwa swala pala uliyemlenga moyoni, sentimita 10 chini ni ngozi ya kidari au mguu wa mbele uliovunjika. Kwa digidigi ndiyo usiseme. Mtu anashinda juani akifuata damu mpaka jioni, halafu anaambiwa hajui kulenga.

Kwa nini matundu yanapanda? Drilingi, neno la Kijerumani lenye maana ya pacha watatu, kwa kawaida ina mitutu miwili ya shotigani ubavu kwa ubavu, na mmoja wa raifo chini yake katikati. Kwenye zile za kizamani mitutu yote imeshikamanishwa kwa lehemu toka nyuma hadi mdomoni. Ukipiga raifo, mtutu wa chini unapata joto na kurefuka. Mtutu wa sentimita 60 ukipanda joto kwa nyuzi 10 tu unarefuka kama milimita 0.07, pungufu ya unene wa karatasi ya daftari. Ni kidogo, lakini wale wawili wa juu bado baridi na wameshikana naye, hawamwachii. Anachoweza ni kuukunja mkungu wote kuelekea juu. Mdomo unainuka, risasi inapanda. Kwenye bunduki za kulaliana, shotigani juu na raifo chini, mambo ni yaleyale. Raifo ikiwa juu, kama kwenye baadhi ya bunduki za Kimarekani, mchezo unageuka: risasi zinashuka. Ikiwa ubavuni kulia, zinahamia kushoto. Bunduki haina ugonjwa hapo. Ndivyo chuma kilivyo, na fundi anayejiita fundi lazima alijue hilo kabla hajashika bisibisi.

Zipo mpya ambazo mtutu wa raifo umeachwa huru mdomoni, unarefuka bila kumvuta mwenzake, hizo hazipandi hivyo. Lakini nyingi zinazozunguka mikononi mwa watu ni za lehemu, kazi za Suhl na Zella-Mehlis, miji ya mafundi bunduki huko Ujerumani, na hizo hazina njia ya mkato.

Sasa kazi yenyewe inavyotakiwa, ili asije mtu akasema hajaambiwa.

Kabla ya risasi hata moja, soma maandishi yaliyogongwa chini ya mitutu. Hapa sitanii. Risasi ya 8x57 IR na ya 8x57 IRS si kitu kimoja. Ya kwanza upana wa kichwa chake ni kama milimita 8.07, ya pili 8.20. Ukilazimisha IRS kwenye mtutu wa IR unapandisha presha kwenye bunduki yenye umri wa babu yako. Upande wa shotigani, ukiona 12/65 au 16/65, yaani chumba cha ganda la milimita 65, ganda la milimita 70 haliingii humo, hata kama limeteleza ndani vizuri. Linateleza kwa sababu bado limekunjwa mdomo. Likifyatuka linafunguka na kuziba koo la mtutu. Kuna muuzaji anayempa mteja boksi la 70 na drilingi ya 65 kwa mkono mmoja, na bado analala usingizi.

Halafu vifungo. Darubini nyingi za drilingi zimekaa kwenye kucha, zile ndoano zinazoingia kwenye matundu juu ya mitutu. Ishike darubini uitikise kwa vidole. Ikicheza hata kwa unywele, hakuna ziro, kliki zako zote ni kazi bure. Pangusa mafuta ndani ya mtutu mpaka kitambaa kitoke kikavu, maana risasi inayopita kwenye mafuta inatua kwingine.

Kwa kuwa kucha ziko kwenye mitutu, unaweza kuitoa mitutu pamoja na darubini, ukailaza kwenye mifuko ya mchanga, ukachungulia ndani ya mtutu wa raifo shabaha ya mita 50, kisha bila kuugusa ukachungulia darubini. Vikiangalia sehemu moja, unaanza kupiga mita 25. Hapo unatafuta karatasi tu. Darubini ya kliki ya sentimita 1 kwa mita 100 inahamisha milimita 2.5 tu kwa mita 25, kwa hiyo kukosa kwa sentimita 5 ni kliki 20. Mafundi wanazungusha 5, wanapiga tena, wanazungusha 5 nyingine, na risasi za raifo kama 9.3x74R hazipatikani kama maandazi!

Mita 100: piga MOJA. Fungua bunduki, isimamishe wima kivulini mdomo juu, hewa ipande ndani ya mitutu. Subiri. Dakika 10 hadi 15, na kwenye joto la nyanda zetu hata 20 au zaidi, mpaka ukishika chuma mbele ya mbao kiwe sawa na kabla ya kupiga. Usimwagie maji, usifunge kitambaa kibichi, utapoza upande mmoja na kuukunja kinyume. Usiilaze mezani juani, jua linachoma mitutu ya juu na risasi inayofuata inashuka, halafu unaanza kulaumu baruti. Kisha piga ya pili, subiri, ya tatu. Wastani wa hayo matatu ya baridi ndio unaoletea kliki. Wajerumani wengi huweka sentimita 4 juu ya kitovu kwa mita 100, na kwa risasi za kasi ya kawaida hapo unapiga mpaka mita 150 na ushee bila kufikiria sana.

Egemeza mbao ya mbele kwenye mfuko wa mchanga, kamwe usiegemeze mtutu. Na kama porini utatumia triga ya kusukuma mbele, ile inayolia "tki" halafu ikiguswa tu imeondoka, basi weka ziro kwa triga hiyohiyo. Ikishasukumwa na hukupiga, fungua bunduki na utoe risasi kwanza, ndipo uiachie. Kwenye drilingi triga ya mbele ina kazi mbili: swichi ikiwa nyuma inapiga mtutu wa kulia wa shotigani, ikisukumwa mbele inapiga raifo, na kwenye nyingi kilengeo cha nyuma kinasimama chenyewe. Kile kilengeo ndicho kinachokuambia uko wapi. Kuna mafundi wanakibana kisisimame eti kinaziba darubini. Mnamnyang'anya mtu alama ya kumwambia kama ana marisau au risasi mbele ya nguruwe!

Siku ya pili, kabla ya chochote, risasi moja ya baridi. Ikitua ilipotua jana, hiyo ndiyo ziro. Ndipo sasa, kwa makusudi, piga tatu kwa kupishana dakika moja, upime zinapanda kiasi gani, uandike kwenye kikaratasi ukibandike ndani ya kifuniko cha boksi la risasi. Hiyo ngazi ni mali yako, uijue.

Shotigani inakuja mwisho, na DARUBINI HAIGUSWI tena. Piga risasi nzima (kipande kimoja cha risasi badala ya marisau), mathalani Brenneke ya gramu 31.5, kutoka mtutu mmoja kwa mita 35, kisha 50. Inapotua unaandika. Ikienda mbali na kitovu, badilisha aina ya risasi, uzito au kasi, mpaka upate inayokubaliana na bunduki. Marisau unayapima kwa duara la sentimita 75 kwa mita 35: ona kama wingi wake umekaa katikati au umelalia upande.

Nije kwa waharibifu wenyewe, wenye tupa.

Bunduki inapiga juu kwa vilengeo vya chuma. Fundi anachukua tupa, anakata kilengeo cha mbele. Jamani! Ukipunguza kilengeo cha mbele, mdomo unainuliwa zaidi ili kionekane, na risasi inazidi kwenda juu. Kwa bunduki inayopiga juu unahitaji kilengeo KIREFU zaidi, na chuma kilichokatwa hakirudi. Cha mbele huhamishwa kuelekea upande ambao risasi imekosea, cha nyuma huhamishwa kuelekea unakotaka risasi iende. Na kipimo kipo, si cha kubahatisha: kosa, zidisha kwa umbali kati ya vilengeo, gawanya kwa umbali wa shabaha. Umekosa sentimita 10 kwa mita 100, vilengeo vimepishana sentimita 45: milimita 0.45. Chini ya nusu milimita! Anayesugua tupa mara kumi bila kupima ameshapita hapo zamani.

Baya kuliko yote ni la kupaka weusi mpya. Mteja anataka bunduki ing'ae, fundi anaitumbukiza mitutu kwenye chumvi kali za moto. Chumvi hizo zinakula lehemu laini, na kinachobaki ndani ya mapengo kinaendelea kula kutu kimyakimya. Mitutu ya lehemu hupakwa weusi kwa njia ya kutu ya taratibu, siku kadhaa, hakuna nyingine. Ukinunua bunduki iliyopakwa upya, toa mitutu, itundike kwa kamba kwenye kile kipande cha chuma cha chini kinachoifunga kwenye mwili wa bunduki, igonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, sauti ndefu, lehemu nzima. Ikitoa sauti ya debe au ya kukwaruza, lehemu imeachia mahali, na hapo ziro itakuwa inahama kila wiki. Usinunue.

NYONGEZA, kwa walioniuliza kuhusu zile zenye skrubu mdomoni, kama Valmet na zile za Kirusi za Baikal: hizo hazikulehemiwa namna hiyo, mnaweza kusogeza mtutu mmoja ukilinganisha na mwingine. Lakini utaratibu ni uleule wa baridi. Anza na risasi nzima ya shotigani mita 50, ilete darubini kwake. Kisha ndio usogeze raifo kwa skrubu ifuate, uhakikishe mita 100. Chora mstari wa penseli kabla ya kugusa. Robo ya mzunguko inaweza kuhamisha tundu sentimita kadhaa. Legeza upande mmoja kabla ya kukaza wa pili, na mdomo unakokwenda ndiko risasi inakokwenda, kinyume na kilengeo cha mbele. Ukishasogeza, rudia mitutu yote miwili, maana hata ule ambao hukuugusa umesukumwa kidogo.

Na nyie wauzaji, tunachodai ni karatasi tatu, si moja. Ya kwanza, matundu matatu ya raifo baridi na saa ya kila moja imeandikwa pembeni kwa kalamu. Ya pili, matatu ya haraka, tuone ngazi. Ya tatu, risasi nzima ya shotigani, mita na aina ya risasi zimetajwa. Karatasi ya kwanza ikionyesha 9:05, 9:06 na 9:07, mrudishie bunduki yake hapohapo kaunta.